Tofauti ni Mtu Mmoja

Bango jipya lilikuwa limeegemezwa ukutani ofisini kwa mkuu wa kituo, la zamani likiwa pembeni yake, na kila aliyeingia aliyatazama yote mawili akasema haoni tofauti. Inspekta mwenyewe alikuwa mmoja wao. Herufi nyekundu zilezile, cherehani ileile iliyochorwa pembeni, maneno yaleyale ya Kiingereza. Ilibidi mkuu wa kituo, mtu aliyesoma na asiyechoka kukukumbusha kwamba amesoma, aweke kidole mahali penyewe. La zamani lilisomeka SISTERS' TAILORING. Jipya lilisomeka SISTER'S TAILORING. Kialama kidogo kama ukucha wa mtoto kilikuwa kimeruka herufi moja, basi.

"Hapa ni madada," mkuu alisema, akigonga bango la zamani. Akagonga na jipya. "Hapa ni dada. Mmoja."

Akarudi kukaa na uso wa mtu aliyemaliza kazi ya siku.

Kesi yenyewe haikuwa na watu wengi. Ndugu wawili wa tumbo moja, wanawake, walikuwa na duka la kushona nguo kwenye mtaa wa nyuma ya soko. Walifanana macho na kidevu, wakafanana mpaka sauti, na mtaa mzima uliwaita wote wawili Sista. Ni polisi ndio waliowagawa Sista Mkubwa na Sista Mdogo, kwa sababu mmoja sasa alikuwa mochwari na mwingine mahabusu. Sista Mdogo alikutwa sakafuni kando ya meza ya kukatia nguo, paji la uso limepasuka kwenye kona ya meza, na pasi iliyosahauliwa imeunguza sketi ya shule ya mtoto wa watu. Aliyemkuta ni dada yake. Alisema alikuwa ametoka kwenda kununua vifungo.

Majirani nao walikuwa na lao. Walisema siku chache kabla ya hapo walimsikia Sista Mkubwa akifoka kwamba kama mwenzake amechoka na kazi, mlango uko wazi. Na kabla maneno hayo hayajapoa, fundi wa mabango akatokea na mkokoteni wake, akipiga mluzi, kuleta bango alilosema aliagizwa wiki iliyopita. Alipoulizwa nani aliyeliagiza akajibu ni Sista. Wakampeleka kwenye gwaride la utambulisho, akapita mbele ya wanawake waliopangwa mstari, akamgusa Sista Mkubwa begani bila kusita.

Kwa mkuu wa kituo hesabu ilikuwa imefungwa. Nani duniani anajifuta mwenyewe kwenye bango lake? Aliyeagiza alijua kwamba atabaki peke yake, na aliyebaki peke yake anajulikana. Kesho asubuhi Sista Mkubwa angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua, na kosa hilo halina dhamana. Akishaingia gereza la mahabusu, angekaa humo mpaka kesi isikilizwe, na kesi za namna hiyo huchukua miaka.

Inspekta hakuwa na hoja ya kuipinga hiyo. Alikuwa na kitu kidogo tu kilichomkaa kooni. Jana, Sista Mkubwa alipoletwa kuonyeshwa bango jipya, aliliangalia muda mrefu, akajifuta macho kwa mkono wa gauni, akauliza, "Mbona ni lilelile?" Mkuu alicheka, akasema huyu anatufanya watoto. Inspekta hakucheka. Mumewe alikuwa na msemo kwamba mke wake huhoji hata ndoto zake mwenyewe, na kweli, usiku kucha alikuwa akilihoji swali lile. Mwongo anayeonyeshwa ushahidi hukana kuhusika nao. Huyu hakukana chochote. Aliuliza tu kama mtu aliyerudishiwa noti ileile aliyotoa.

Akachukua funguo za gari, akamwambia mkuu anakwenda kukamilisha maelezo ya fundi. Mkuu akamwambia asichelewe, jalada linatakiwa likae sawa kabla ya asubuhi.

*

Karakana ya mabango ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, kinachonuka tapentaini mpaka macho yanawasha. Jino kubwa linalocheka lilikuwa likikauka kwenye kona, la daktari wa meno, na kando yake tairi lenye mabawa. Fundi, ambaye wenzake walimwita Brashi, alimpangusia afande stuli kwa kitambaa kilichozidi kuichafua.

Alikuwa mtu wa maneno mengi. Alisema amepaka mabango ya nusu ya mji huu na kwamba hajui kusoma Kiingereza hata herufi, yeye hupewa maandishi akayakuza. Inspekta alimuuliza kama alijua kile kialama ni cha nini.

"Si kile cha ng'ombe?" Brashi alisema. "Ukikitoa kile, ng'ombe anakuwa ngombe, hata maziwa hatoi. Sasa kwa Wazungu kinafanya nini huko mkiani mwa neno, mimi sijui. Mimi napaka."

Inspekta akamwambia amsimulie siku ile upya tangu mwanzo, polepole, asiruke kitu. Brashi akasimulia. Sista alikuja mchana, jua la utosini. Alipofika mlangoni alishika kizingiti kwanza, ndipo akaomba mahali pa kukaa, akakalia debe la rangi. Alikuwa akihema kama mtu aliyekimbizwa. Alitoa chaki ya kushonea mfukoni, akachora ukutani anavyotaka, na michoro yenyewe ilikuwa ingalipo pale, rangi ya samawati: S, kialama kabla yake, na mshale. Alisisitiza zaidi ya mara moja. Kikae kabla ya S, siyo baada. Akamwambia asiharakishe, ila akimaliza alete mwenyewe dukani, wala asipige simu.

Kuhema huko Inspekta alikuandika kama wasiwasi. Mtu mwenye la kuficha huhema.

"Mimi nikamwambia, Sista, bango zima nilipake upya kwa ajili ya kitone hicho? Kuna tofauti gani?"

"Akakujibuje?"

"Akacheka. Akasema, tofauti ni mtu mmoja."

Kalamu ya Inspekta ilisimama kwenye karatasi. Maneno manne hayo yangemfunga mtu maisha. Aliyawazia jinsi yatakavyosomwa mahakamani, na mkuu wa kituo atakavyoyafurahia, na akajikuta hana furaha hiyo. Akageuza upande. Alimuuliza Brashi amewezaje kuwa na uhakika kwenye gwaride, ilhali ndugu wale walifanana kiasi kile.

Brashi akamtazama kama anayeulizwa swali la mtego. "Ndugu gani? Mliniambia nimguse Sista. Pale mstarini Sista si alikuwa mmoja?"

"Uliwahi kuwaona wote wawili pamoja?"

"Kwani wako wangapi?" Kisha uso ukamshuka, taratibu. Alieleza kwamba kila alipopita dukani alimkuta mmoja, akamsalimia Sista, akaitikiwa, akapita. Leo yuko cherehani hii, kesho yuko ile. Aliposikia Sista amefiwa na mdogo wake, alidhani ni mdogo wa kule kwao. "Ina maana yule aliyekaa hapa kwenye debe langu..." akasema, na hakumaliza.

Alikwenda akasimama mbele ya ukuta wenye chaki, mgongo ameupa mlango, akabaki hapo mpaka Inspekta alipoaga.

Gwaride zima likawa limekwenda na maji. Inspekta alimpigia mkuu akiwa bado barabarani. Mkuu alisikiliza, akasema gwaride si kitu, hoja iko palepale: nani anajifuta mwenyewe?

*

Duka lilikuwa limefungwa kwa utepe wa polisi. Inspekta alijifungulia, akasimama katikati bila kugusa kitu, kama alivyofundishwa. Cherehani mbili. Moja ilikuwa mahali pake pa siku zote, sakafu imechimbika chini ya kanyagio. Ya pili ilikuwa imesogezwa dirishani, na mikwaruzo ya miguu yake sakafuni ilikuwa mipya. Mtu alikuwa amehitaji hewa, au mwanga. Robota za vitambaa vizito zilizokuwa rafu ya juu zilikuwa zimeshushwa zote chini, na alama zake zilikuwa zimebaki kwenye vumbi la rafu.

Halafu akaviona vile vikadi. Mara ya kwanza alipokuja na wapiga picha, alivipita kama anavyopita mtu kalenda ya mwaka jana. Vilikuwa vimebanwa kwa pini kila mahali, vimeandikwa kwa kalamu nene, mkono mmoja wa mviringo: SHIRT'S. SKIRT'S. BUTTON'S. Kwenye vingi, kile kialama kilikuwa kimekatwa kwa chaki ya samawati. Na kwenye baadhi, baada ya kukatwa kwa chaki, kilikuwa kimerudishwa tena kwa kalamu nene, kikubwa zaidi. Mmoja alikata, mwingine akarudisha, na kwa jinsi karatasi nyingine zilivyogeuka manjano, mchezo huo ulikuwa wa miaka.

Inspekta alicheka peke yake mle ndani, kidogo, kisha akaona haya. Alivipiga picha vyote kwa simu. Kiingereza chake mwenyewe kilikuwa cha kuandikia ripoti, nacho hukwama. Lakini alimjua mtu wa kumuuliza, na alikuwa ameogopa kumwendea tangu kesi ianze.

*

Baba wa Sista hao wawili alikuwa amefundisha Kiingereza mpaka alipostaafu. Inspekta alimkuta sebuleni, kwenye kiti kinachotazama mlango, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri sana, na Inspekta akajua nani alilipiga, na kwamba lilikuwa la mwisho.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Alisubiri mpaka ameketi. "Kabla hujaniuliza la kwako, nijibu moja. Watu wanakuja kunipa pole. Wananiuliza nina watoto wangapi. Niwajibuje?"

Inspekta alimwambia hajui bado. Ilikuwa kweli, na ilikuwa mbaya zaidi kuliko uongo. Akatoa simu, akamwonyesha picha za vikadi, akamwomba amfundishe.

Mzee alivaa miwani. Kwa dakika ile alirudi kuwa mwalimu, na ilionekana wazi kwamba alishukuru kupewa kazi. Alisema kialama kile kwa Kiswahili kinaitwa ritifaa. Sisi, alisema, wingi tunaubeba kichwani mwa neno: mtoto, watoto. Kiingereza kinauburuza mkiani, kinatia S, na S hiyo haihitaji ritifaa yoyote. Shati moja, mashati mengi, unatia S unakwenda zako. Ritifaa inakuja pale tu kitu kinapokuwa na mwenyewe. Mwenyewe akiwa mmoja, ritifaa inatangulia S. Wenyewe wakiwa wengi, S ya wingi inatangulia, ndipo ritifaa ifuate.

"Kwa hiyo hapa," Inspekta alisema, akinyoosha kidole kwenye SHIRT'S.

"Hapa ni upuuzi. Hapa shati linamiliki kitu ambacho hakijasemwa." Akatabasamu, na tabasamu likamshinda njiani. "Huu ni mkono wa mkubwa. Anaitia kila anapoona S, kama mtu anayetia chumvi bila kuonja. Mdogo akamkatia kwa chaki, yeye akairudisha. Nilikuwa nawaambia nitawatandika wote wawili, watu wazima wale."

Inspekta alimuuliza kama mkubwa hakuwahi kufundishwa, naye ni mtoto wa mwalimu.

Mzee akavua miwani. Alisema mama yao alipofariki, yeye mwenyewe alivunjika. Hakuamka kitandani, hakwenda kazini, nyumba ikawa inakwenda yenyewe. Mkubwa aliacha shule bila kumwuliza mtu, akachukua cherehani ya mama yake, akashona mpaka mdogo wake akamaliza masomo yote. Somo la ritifaa lilimkuta ameshaondoka. Nilifundisha watoto wa watu, alisema mzee, wangu sikumfundisha, na aliona haya kuniuliza. Na mdogo alikua na deni hilo moyoni. Alizoea kusema dada yake hataacha tena kitu chake kwa sababu yake, siku moja alimwapia hivyo mbele ya baba yao, mezani, mpaka mkubwa akakasirika akaondoka na sahani yake.

Inspekta alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa anamwona Sista aliyekaa kwenye debe la rangi, chaki mkononi, anasisitiza: kabla ya S, siyo baada. Mtu anayetia ritifaa kila mahali hawezi kusema hivyo. Kwake yeye mabango yale mawili hayana tofauti. Ni lilelile. Alikuwa amesema kweli tangu jana, na kituo kizima kikamcheka.

Aliyeagiza bango alikuwa marehemu. Kuna mtu aliyejifuta mwenyewe.

Alimpigia mkuu kutoka uani kwa mzee, akamweleza yote kwa pumzi moja. Inspekta alidhani ameshinda. Lakini yule bwana hakuwa mkuu wa kituo bure. Alisema vizuri sana, basi mdogo alikuwa anaondoka dukani, anamwachia dada jina, dada kasikia, kakasirika, ndiyo ule ugomvi, kamsukuma. Kesi imenoga zaidi. Asubuhi ni palepale.

*

Daktari wa mochwari alikuwa anafunga ofisi. Hakupenda kuulizwa mara mbili kazi aliyokwisha kuifanya. Alisema sababu ya kifo ni jeraha la kichwa, amekwisha kuandika, na kama jeraha lilitokana na kusukumwa au kuanguka, meza haisemi.

Inspekta alimuuliza kuhusu viganja. Mtu akisukumwa, au akijikwaa, hutanguliza mikono, hata mlevi hutanguliza mikono. Marehemu alikuwa na mchubuko viganjani? Kwenye viwiko? Magotini?

Daktari akarudi kuvaa koti lake jeupe.

Viganja vilikuwa safi, vina sugu za mkasi tu. Alikuwa ameanguka kama kitu kilichoachiliwa. Daktari hakusema samahani, ila alifanya kazi iliyobaki kwa uangalifu mwingine kabisa, na Inspekta alimsubiri kwenye korido na mfuko wa nguo za marehemu mapajani. Hakuna aliyekuwa amezikagua zaidi ya kutafuta damu. Alizitoa moja moja. Kwenye sketi, ndani ya ukanda, vidole vyake vilihisi mshono usio na kazi. Kijifuko kilichoshonwa kwa mkono, kwa uzi wa rangi ya kitambaa, nyuzi ndogondogo ambazo jicho la kawaida halizioni. Lakini jicho la dada yake lingeziona, kwa hiyo kilishonwa ndani, upande unaogusa mwili. Kilikuwa na vidonge.

Daktari alipotoka alivitazama tu, akatikisa kichwa. Alisema ndivyo, ni vya moyo, na moyo wenyewe amekwisha kuuona sasa. Mlango mmoja wa moyo ulikuwa umesinyaa mpaka hauachi damu ipite inavyotakiwa. Mtu wa hivyo huishiwa pumzi kwa kutembea tu, na huzimia amesimama. Alizimia, akaangukia meza. Hakuna aliyemsukuma.

Alimpigia mwenzake wa kliniki ya moyo hospitali kuu, wakaongea kwa muda, halafu akampa Inspekta simu asikie mwenyewe. Yule wa kliniki alimkumbuka marehemu vizuri. Alikuwa akija tangu mwaka jana, siku zote peke yake, akirudi kazini mbio. Aliuliza amebakiwa na muda gani, wakamwambia ukweli, kwamba si mrefu. Walimsihi alete ndugu wa kumsaidia. Alikataa. Alisema ana dada, na dada yake akijua ataacha kazi amwuguze, na aliwahi kumwachia shule, inatosha.

Inspekta alishukuru, akarudisha simu. Alikaa kwenye gari kwenye maegesho ya hospitali bila kuwasha injini, akalia kwa uchovu na kwa hasira, na hakujua hasira hiyo aipeleke kwa nani.

*

Mkuu wa kituo alisoma karatasi ya daktari amesimama. Akaisoma tena. Akasema aachiwe, na akaongeza, bila kumtazama mtu, kwamba yale mabango yapelekwe stoo.

Mzee alikuwa amekwisha kuletwa na jirani, yuko kwenye benchi la mapokezi, mikono juu ya magoti. Inspekta alimwambia kwamba mwanawe hakuua, wala hakuna aliyeua. Mzee alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na ilichukua muda kabla ya kumwachia.

Sista Mkubwa aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Inspekta alimwekea viatu vyake mezani, vile walivyomvua alipoingia mahabusu, akamwambia yuko huru. Kisha akamweleza kwa nini, maana ilikuwa lazima. Alimweleza moyo, na vidonge, na kijifuko ndani ya ukanda. Alimweleza ni nani aliyeagiza bango, na ritifaa inasema nini ikikaa kabla ya S. Alipofika kwenye yale maneno ya kliniki, kuhusu shule, alitamani angemwachia mtu mwingine kazi hiyo.

Sista Mkubwa hakulia. Alikuwa na swali moja. "Alianza lini kuumwa?"

"Mwaka jana. Pengine kabla."

Akakaa akifikiri, kama anayepima kitambaa kwa macho.

"Mwaka jana ndiyo alianza kuondoka mapema," alisema. "Akawa hainui robota. Akasogea dirishani. Mimi nikasema anakwepa kazi. Nilimwambia mvivu, afande. Siyo mara moja. Kila siku. Ile siku majirani walisikia, nilimwambia kama amechoka aondoke. Akaniambia, sawa dada, nitaondoka." Alivitazama viatu. "Akacheka. Nilidhani ananicheka mimi."

Inspekta alisema hilo si kosa. Hakuna sheria ya hilo.

"Najua." Sauti yake ilikuwa ya upole, kama anamwelewesha mtoto. "Baba yuko nje?"

"Yuko mapokezi. Anakusubiri."

"Mwambie bado unanihoji."

"Dada, nimeshamwambia umeachiwa."

"Mwambie kuna maswali yamebaki. Kidogo tu. Sijajua nitamwambia nini."

Inspekta alisimama, akaenda mlangoni. Kule mwisho wa korido mzee alikuwa ameinuka kwenye benchi, anaangalia upande wao. Inspekta alimwinulia kiganja, asubiri. Akaufunga mlango kwa ndani, akarudi kwenye kiti chake, akachukua karatasi tupu ya maelezo, zile ambazo huanza na maswali yaleyale kwa kila mtu, mwizi au shahidi.

Alimuuliza jina lake kamili. Akalitaja. Alimuuliza kazi yake. Akasema fundi cherehani. Alimuuliza mahali anapoishi, na anaishi na nani, akajibu yote kwa utaratibu, mikono imetulia mezani, na Inspekta akaandika kila neno kana kwamba halijulikani.

"Kwenu mmezaliwa wangapi?"

"Tuko wawili," Sista Mkubwa alisema.

Inspekta aliandika hivyohivyo, hakumsahihisha, akamuuliza swali linalofuata.